Hundi, mshahara au bei ya dukani: ushuru ukirudishwa, upitie wapi?

Mei 2020 jirani yangu wa ploti alisimama mlangoni na karatasi yake ya mshahara, akanisomea mstari mmoja. PAYE, ule ushuru wa mapato unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, iliyokuwa ikimmega shilingi 7,656 kila mwezi, ilikuwa imeshuka hadi 4,367. Mshahara ulikuwa ule ule wa 50,000, na mwajiri hakuwa ameongeza hata ndururu. Lakini karibu shilingi 3,300 zilikuwa zimebaki mkononi mwake, na siku hiyo hiyo alilipa deni la mtungi wa gesi. Hatua chache kutoka langoni, chini ya mwavuli uliopauka kwa jua, mama mboga wetu alikuwa akikatia wateja wachache sukuma wiki. Kafyu ya korona ilikuwa imemnyang'anya saa za jioni, na hizo ndizo saa zake za mauzo. Afueni iliyotangazwa kwa taifa zima haikumfikia kwa mlango huo, kwa kuwa hakuna mtu anayemwandikia karatasi ya mshahara.

Uchumi ukizorota, serikali nyingi huachia sehemu ya ushuru ili watu wanunue, maduka yauze na viwanda visisimame. Hoja yenyewe inaeleweka hata na mtoto wa shule. Kazi ngumu ni kuchagua njia, maana bilioni moja ikipitia kwenye mishahara haifiki mahali pamoja na bilioni moja iliyopitia kwenye bei ya sabuni. Na sisi wananchi wa Kenya tuna nafasi ya kusema. Kila mwaka Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, kisha kamati ya fedha huita maoni ya umma. Wengi huenda kupinga ushuru mpya, na wana haki. Wachache sana huenda kusema afueni itolewe vipi. Kwa ajili ya siku hiyo nimeziweka ubavu kwa ubavu njia nne ambazo zimejaribiwa, hapa na ng'ambo, na kila moja nimeiuliza maswali matatu: pesa hufika upesi kiasi gani, anayezipata atazitumia au atazilaza benki, na nani anaachwa nje?

Hundi ya mkupuo mmoja

Marekani imeijaribu njia hii mara nyingi. Mwaka 2001 serikali ya George W. Bush ilituma hundi za dola 300 kwa mlipa ushuru asiye na mwenzi na dola 600 kwa mume na mke. Hazingeweza kutumwa zote kwa wiki moja, basi zikatumwa kwa zamu kati ya Julai na Septemba kufuata tarakimu mbili za mwisho za nambari ya hifadhi ya jamii ya mpokeaji. Tarakimu hizo hazijui nani tajiri nani maskini. Kwa hiyo watafiti watatu, David Johnson, Jonathan Parker na Nicholas Souleles, waliweza kuwalinganisha waliopata mapema na waliokuwa bado wanasubiri, kama vile mtu amepiga kura ya bahati nasibu kwa ajili ya utafiti wao. Waligundua kwamba familia zilitumia kati ya asilimia 20 na 40 ya pesa hizo katika miezi mitatu ya kwanza, kwa vitu vya kutumika na kuisha kama chakula. Ukijumlisha miezi mitatu iliyofuata, takriban theluthi mbili zilikuwa zimeingia sokoni. Na walioongeza matumizi kuliko wengine ni wenye kipato kidogo na wasio na akiba.

Matokeo hayo hayamshangazi mtu yeyote aliyewahi kuishi mkono kwa kinywa. Mwenye shida mpe elfu moja asubuhi. Kufikia jioni muuza unga ameiona, na mwenye bodaboda ameiona.

Mwaka 2008 hundi zilirudi, dola 600 kwa mtu, 1,200 kwa mume na mke na 300 kwa kila mtoto. Sheria ilitiwa saini tarehe 13 Februari na malipo yakaanza mwisho wa Aprili. Lakini kulikuwa na kizingiti. Aliyekuwa na mapato yasiyofika dola 3,000 kwa mwaka hakupata kitu, na huyo ndiye angezitumia zote. Mwaka 2020 kizingiti hicho kiliondolewa. Dola 1,200 zilitolewa kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto, na kiasi kilianza kupungua kwa mtu mmoja aliyepata zaidi ya dola 75,000 kwa mwaka. Kisheria ziliitwa nafuu ya ushuru iliyolipwa mapema, lakini hata asiyedaiwa ushuru wa mapato dola moja alilipwa. Saini ilitiwa tarehe 27 Machi, na katikati ya Aprili pesa zilikuwa tayari zimeanza kuingia kwenye akaunti.

Kasi hiyo ilitoka kwenye orodha. Mamlaka ya ushuru ya Marekani ilikuwa na nambari za akaunti za mamilioni ya watu waliojaza fomu zao za kila mwaka. Ambao akaunti zao hazikujulikana walisubiri hundi ya karatasi kwa wiki nyingi, na wasiojaza fomu kabisa walifunguliwa ukurasa maalumu wa kujiandikisha. Waliochelewa kupata ndio wengi wao waliokuwa na haja kubwa zaidi. Hundi pia humvutia mwanasiasa, kwa kuwa inaonekana. Zile za karatasi za mwaka 2020 zilichapishwa jina la Donald Trump. Mimi hilo halinikasirishi sana maadamu pesa zimefika, ila ni jambo la kuchungwa mwaka wa uchaguzi ukikaribia.

Kupunguza makato ya mshahara

Mwaka 2009 serikali ya Barack Obama iliamua kupitia njia nyingine. Dola 400 kwa mfanyakazi, au 800 kwa mume na mke, hazikutumwa kwa mkupuo. Zilinyunyizwa kidogo kidogo kwa kupunguza makato ya mshahara kuanzia Aprili. Walioipendekeza walitarajia kwamba pesa ndogo zinazoingia kimyakimya zitatumika tu, mtu asipate hata wazo la kuziweka. Watafiti Claudia Sahm, Matthew Shapiro na Joel Slemrod waliwauliza watu. Waliosema nyongeza hiyo itawafanya hasa waongeze matumizi walikuwa asilimia 13, ilhali kwa malipo ya mkupuo ya 2008 walikuwa asilimia 25. Karibu nusu. Dola chache zilizoongezeka kila malipo zilipotea ndani ya mshahara kama chumvi ndani ya mchuzi.

Kenya ilipopita njia hiyo mwaka 2020 haikunyunyiza, ilimimina. Kiwango cha juu cha PAYE kilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, madaraja ya mapato yakapanuliwa, na nafuu ya kibinafsi, yaani kiasi ambacho kila mfanyakazi hupunguziwa kwenye ushuru wake, ikapanda kutoka shilingi 1,408 hadi 2,400 kwa mwezi, hivi kwamba mwenye mshahara wa 24,000 hakukatwa chochote. Nimepiga hesabu kwa viwango vya sheria, bila kuingiza makato mengine:

| Mshahara kwa mwezi | PAYE ya awali | PAYE baada ya Aprili 2020 | Kilichobaki mkononi |
|---|---|---|---|
| 24,000 | 1,583 | 0 | 1,583 |
| 50,000 | 7,656 | 4,367 | 3,289 |
| 200,000 | 52,656 | 41,500 | 11,156 |
| Hana mshahara | – | – | 0 |

Ukisoma kwa asilimia hutaona dhuluma kubwa, maana mistari mitatu ya juu yote inapata kama asilimia 6 ya mshahara. Lakini Hazina ya Taifa haigharamiki kwa asilimia, hugharamika kwa shilingi, na mwenye 200,000 peke yake alibeba sehemu ya watu saba wa 24,000. Tena alibeba wakati baa zimefungwa, safari zimezuiwa na harusi zimeahirishwa. Angezitumia wapi? Kwa wengi wa daraja hilo pesa zilikwenda kwenye akiba au kupunguza mkopo wa gari. Ni jambo jema kwa nyumba yake, lakini haliuzi kabichi wala halishoni suruali.

Kisha angalia mstari wa mwisho. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini Kenya iko nje ya sekta rasmi: jua kali, vibanda, bodaboda, vibarua vya mjengo. Mstari huo mfupi ndio wenye watu wengi kuliko yote juu yake.

Kasoro nyingine ya njia hii huonekana siku ya kuondolewa. Mtu huizoea. Jirani yangu alihesabu zile 3,300 ndani ya bajeti yake kama mali yake, na akahamisha mtoto kwenda shule yenye karo ya juu kidogo. Tarehe 1 Januari 2021 viwango vilirudi juu, PAYE yake ikaruka hadi 7,383, na siku tatu baadaye shule zikafunguliwa. Kwake, ilikuwa kama serikali imemtoza ushuru mpya wa shilingi 3,000 mwezi wa karo. Hundi ya mkupuo haina uchungu huo, kwa sababu mtu anajua kuwa imekuja mara moja. Kwa haki niseme pia kwamba kitu kimoja kilidumu, nacho ni ile nafuu ya kibinafsi ya 2,400 inayomlinda mwenye mshahara wa 24,000 asikatwe PAYE. Hicho ndicho kipande cha afueni ya 2020 ambacho ningekitetea mahali popote.

Kushusha VAT

Hii ndiyo inayopigiwa makofi zaidi siku inapotangazwa, kwa kuwa kila mtu hununua. Uingereza ilishusha VAT, ule ushuru wa ongezeko la thamani uliomo ndani ya bei, kutoka asilimia 17.5 hadi 15 kuanzia tarehe 1 Desemba 2008 kwa miezi 13, baada ya waziri wake wa fedha, Alistair Darling, kuitangaza wiki moja tu kabla. Ujerumani ilishusha kutoka asilimia 19 hadi 16, na kiwango cha vyakula na vitu vingine vya lazima kutoka 7 hadi 5, kwa miezi sita ya mwisho ya 2020. Kenya ilishusha kutoka 16 hadi 14 kuanzia Aprili 2020, ikarudisha 16 Januari 2021.

Kwa kasi, hakuna inayoishinda. Haihitaji orodha wala akaunti. Na ikiwa na tarehe ya mwisho inayojulikana, mtu anayetafuta friji au gari huona afadhali anunue sasa kuliko kungoja bei ipande. Kwa nchi ambayo watu wengi wana uwezo wa kununua friji mwezi huu, hiyo ni hoja nzito.

Sasa ilete kibandani. Bidhaa ya shilingi 1,160 yenye VAT ya asilimia 16 ndani yake inapaswa kushuka hadi 1,140. Shilingi ishirini, na hizo ni kama muuzaji ameshusha. Sheria hupunguza ushuru tu. Haimlazimishi mwenye duka kubandua bei ya zamani, na sabuni ya mche ya shilingi 150 haiwezi kurahisishwa kuwa 147 na senti kwenye duka ambalo halina chenji ya shilingi moja. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida, ambavyo ndivyo vinavyokula pesa ya maskini, havikuwa vinatozwa VAT, kwa hiyo havikushuka kwa sababu hiyo hata kidogo. Tuseme mama mboga anatumia shilingi 3,000 kwa mwezi kwa vitu vyenye VAT: sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kupaka, betri. Hata kila duka likiwa aminifu, afueni yake ni shilingi 52. Anayenunua runinga ya shilingi 116,000 anapata 2,000 kwa siku moja.

Nakiri kuwa mwanzoni nilikuwa shabiki wa njia hii. Ilinionekea ya haki kwa kuwa inamgusa kila mtu. Ile 52 ndiyo iliyonigeuza.

Kulipa madeni ya watu kwanza

Njia ya nne haina mvuto wa kutangazia runingani, na huenda ndiyo sababu husahaulika. Kiwanda kinachosaga unga au kampuni inayouza maua nje hulipa VAT kwenye vifungashio, vipuri na huduma, lakini bidhaa yake huuzwa kwa VAT ya asilimia sifuri. Kwa hiyo kila mwezi serikali huwa inadaiwa nayo, na kampuni huomba irudishiwe. Maombi hukaa. Kiwanda kinakopa benki kwa riba ili kulipa mishahara, huku pesa zake halali zimelala serikalini.

Machi 2020, pamoja na zile afueni nyingine, serikali iliagiza maombi ya VAT yaliyokwisha kuhakikiwa, ya jumla ya shilingi bilioni 10, yalipwe ndani ya wiki tatu, na wizara na idara zilipe madeni yaliyohakikiwa ya bilioni 13 katika muda huo huo. Naona huo ndio uliokuwa uamuzi wenye busara kuliko yote katika kifurushi kile. Pesa hizo hazihitaji sheria mpya wala hazitaki kuondolewa Januari. Zinamfikia mtu ambaye tayari ana wafanyakazi na mashine, na aliyekuwa karibu kuwafuta. Nimemwona fundi wa vyuma aliyeuza welding yake ya pili kwa sababu taasisi moja ya umma ilikuwa haijamlipa kazi ya madirisha kwa mwaka mzima na zaidi. Alikuwa na vijana watatu. Akabaki na mmoja. Mtu kama huyo ukimtangazia kuwa ushuru umeshuka, unamwambia habari za mbali.

Kasoro yake ni kwamba inaanzia juu. Wafanyabiashara wadogo kabisa hawadai VAT kwa sababu hawajasajiliwa nayo. Na neno "yaliyohakikiwa" linaweza kuwa mlango mwembamba sana kama wahakiki ni wachache au wanataka chochote kabla ya kugonga muhuri.

Uchague ipi?

Inategemea unakotoka uchovu wa uchumi. Kama tatizo ni kwamba biashara zimekaukiwa na pesa, njia ya nne iwe ya kwanza kabla ya shilingi moja kugawiwa kwingine. Kama watu wana pesa lakini wanaogopa kutumia, kushusha VAT kwa muda mfupi wenye tarehe kunaweza kuwasukuma, na hapo Ujerumani ina uhalali wake. Kama mishahara ya chini inamezwa na makato, panua daraja la chini na uache la juu lilivyo. Usiguse kiwango cha aliye na 200,000 ukidhani unapiga jeki soko la Gikomba.

Lakini kama lililokauka ni soko la mtaani, kama ilivyokuwa 2020, mimi nachagua hundi ya mkupuo, na kwetu hundi hiyo haina haja ya karatasi. Watu watasema mama mboga halipi ushuru, atarudishiwa nini? Analipa. Analipa VAT kwenye sabuni niliyoitaja. Mwaka ule wa 2020 muda wa maongezi aliokwangua ulikuwa na ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na kila alipotuma pesa kwa mama yake kijijini, ada ya kutuma ilikuwa na ushuru wa asilimia 12 ndani yake. Tofauti yake na jirani yangu ni kwamba hakuna mtu anayemwandikia jumla mwisho wa mwezi. Kumrudishia ni haki ile ile.

Serikali ilijua hivyo kwa kiasi fulani, kwa kuwa katika tangazo lile lile la Machi 2020 iliongeza bilioni 10 kwa wazee, yatima na wasiojiweza. Wazee walio kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Shilingi 2,000 ni mara 38 ya ile 52 ya VAT. Mwenye umri wa miaka 45 anayeuza mboga hakuwemo kwenye orodha hiyo, na kutengeneza orodha wakati nyumba inaungua ndiko kunakozaa majina hewa na jamaa za chifu. Orodha hutengenezwa wakati wa utulivu, na hutundikwa ubaoni kwenye ofisi ya chifu ili majirani waikosoe.

Hivyo kwenye barua yangu kwa kamati ya fedha nitaomba mambo matatu. Marejesho ya VAT yaliyohakikiwa yawekewe siku maalumu za kulipwa, na yakichelewa yazae riba kwa mwenyewe. Kiwango cha chini cha PAYE kisiguswe kwa kwenda juu. Na nchi iwe na orodha iliyo tayari ya kutuma malipo ya mkupuo kwa watu wasio na mshahara, yenye kiasi na tarehe vilivyoandikwa ndani ya sheria yenyewe, bila picha wala jina la mtu juu yake.

Anwani za kutumia zipo. Mama mboga wetu ameandika nambari yake ya M-Pesa kwa rangi nyeupe juu ya kipande cha bati, akakining'iniza kwenye mti wa mwavuli, na kila jioni sisi majirani tunamlipa kwa nambari hiyo.